Umestaafu uafande, unataka kuwa mshauri: pa kuanzia ukiwa Mwanza

Mwangaluka ndugu zangu. Hii naandika kwa ajili ya maafande wenzangu mlio karibu kuvua sare, nyie mliokuwa ma-OCS yaani wakuu wa vituo, ma-OCD yaani wakuu wa polisi wa wilaya, wakuu wa upelelezi wa wilaya, na hata yule sajenti meja aliyeendesha kituo miaka kumi bila jina lake kutajwa popote. Kila mwezi napigiwa simu na mtu anauliza, "mama, nasikia siku hizi unafanya konsaltansi, hiyo kazi inaanzaje?" na kwenye simu huwezi kueleza yote ukamaliza. Nimekaa kwenye jeshi la polisi miaka 34, nikatoka na miaka 60 kamili, na huu ni mwaka wa sita nashauri watu mambo ya ulinzi na uongozi hapa mjini na kwenye visiwa vya Ziwa Victoria. Sio tajiri ila nakula kwa jasho langu na heshima ipo.

Nianze na lile ambalo watu wanalikwepa. Siku unakabidhi sare na kitambulisho, cheo kinabaki getini. Mimi nilikuwa najua hivyo kwa akili lakini mwili ulikuwa haujui, wiki ya kwanza naamka saa kumi na moja alfajiri, navaa, nakaa sebuleni kama nasubiri difenda, lile gari la polisi, ije kunichukua, na simu iliyokuwa inalia mpaka usiku wa manane imekuwa kimya, siku nzima anapiga mwanangu tu. Halafu mtaani bado wanakuita afande, dukani wanakupisha foleni, kwa hiyo unaendelea kuamini kwamba mamlaka unayo. Huna. Na ukiingia ofisini kwa mtu kumshauri huku kichwani bado unajiona OCD utaanza kuamrisha, na anayekulipa haamrishwi. Nimeona wapelelezi hodari kuliko mimi, watu waliokamata majambazi sugu wa kanda hii, wanapoteza kazi ya kwanza ndani ya siku mbili kwa sababu walimfokea meneja mbele ya wafanyakazi wake.

Kwa hiyo jipe angalau miezi mitatu kabla hujatafuta mteja. Lala, tembelea ndugu, pima afya, na mafao ya mkupuo usiyaguse kwa ajili ya hii kazi, nakuomba sana. Wapo waliochukua pesa ya kiinua mgongo wakapanga ofisi katikati ya mji, viti vya kuzunguka, kiyoyozi, kibao cha dhahabu mlangoni, miezi minane wakafunga. Kazi hii inataka daftari, kalamu, simu yenye kamera nzuri, laptopu ya kawaida na viatu vya kutembea. Mteja hatakuja kwako, wewe ndio unakwenda kwake.

Kuna mama mmoja wa Marekani huwa nampenda sana kumtolea mfano, Kathleen O'Toole. Alikuwa kamishna wa polisi Boston kuanzia 2004, mwaka 2006 akaenda Ireland kuongoza chombo cha kukagua polisi wa kule, yaani Garda. Sasa fikiria, umetoka kuamuru maelfu ya askari, unaenda nchi ya watu ambako huwezi kumwamuru hata konstebo mmoja, kazi yako ni kukagua, kuuliza, na kuandika mapendekezo kwa waziri, akiyachukua sawa, akiyaacha ndio hivyo. Alifanya miaka sita. Baadaye akarudi kwao akawa mkuu wa polisi Seattle 2014 mpaka 2017. Nikimwangalia yeye naelewa ushauri ni nini: unabaki na macho yako na mdomo wa kuuliza, ile fimbo umeiacha. Hapa kwetu ma-IGP, yaani wakuu wa jeshi la polisi, wakitoka wengine wanapewa kazi za nje, Mangu alipelekwa balozi Rwanda, Sirro akapelekwa Zimbabwe 2022, ila sisi wa ngazi za chini hakuna atakayetukumbuka inabidi tujitafutie wenyewe.

Unauza nini hasa?

Ukimuuliza afande mstaafu anakuambia "nauza uzoefu". Uzoefu peke yake hauuziki, mteja ananunua dawa ya kinachomuuma. Chukua karatasi, andika vitu ulivyokuwa unavifanya kweli kweli, sio vyeo. Kupanga askari sita walinde kata nne usiku mmoja. Kutuliza watu wenye hasira waliomzunguka kibaka wanataka kumchoma moto. Kumhoji mtu bila kumtisha mpaka akasema. Kupanga ulinzi wa mechi pale CCM Kirumba au mkesha wa mwaka mpya. Kuandika maelezo ambayo wakili hayachani mahakamani. Kumshika mkono askari kijana aliyeanza kunywa. Sasa kila kimoja tafuta nani kinamuuma: shule ya bweni, hoteli, SACCOS, kiwanda cha samaki, hospitali, mwenye mabasi pale Nyegezi, mwenye maghala, tajiri wa mitumbwi Ukerewe anayeibiwa injini kila msimu. Kisha chagua viwili tu. Mimi nilichagua maghala na mialo, yaani kule mitumbwi inakoshusha samaki, na kufundisha wasimamizi wa zamu, mengine nikaacha hata yakija.

Watu wanachanganya na kampuni ya ulinzi. Hiyo ni biashara nyingine kabisa, unaajiri walinzi, unavalisha sare, unalipa mishahara hata mteja asipolipa, unahitaji kibali cha polisi, na ukigusa silaha unaingia kwenye Sheria ya Umiliki wa Silaha na Risasi ya 2015 na masharti yake yote. Siyo mbaya, lakini usiifanye pamoja na ushauri. Utakapomwambia mteja "unahitaji walinzi wanne zaidi" na walinzi wenyewe ni wako, atakuaminije? Vile vile na kamera. Wauza kamera watakufuata wakuahidi asilimia kwa kila mteja utakayempeleka. Kataa, na mwambie mteja kwamba umekataa.

Makaratasi yapitie haraka, sio magumu. Jina la biashara unasajili BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kwa mtandao, uwe na namba ya NIDA, TIN unachukua TRA, leseni unakwenda halmashauri yako, kama upo Nyamagana ni Jiji, kama upo Ilemela ni Manispaa yao, watu huwa wanapoteza siku nzima kwa kwenda pasipo pao. Muulize afisa wa TRA mapema kuhusu VAT na risiti za EFD kwa kazi ya aina yako, uliza mwenyewe usiambiwe na mtu wa kijiweni. Ukitaka kazi za serikali lazima uwe kwenye NeST, ule mfumo wa manunuzi ulioanza 2023. Na hapa kuna jambo wastaafu wengi hawalijui: sheria inataka taasisi za umma zitenge 30% ya manunuzi yake kwa makundi maalum, na kwenye makundi hayo ukiacha vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, wazee nao wamo, na mzee kwa sera ya nchi ni kuanzia miaka 60. Kwa hiyo wastaafu watano mkijiunga kikundi mkasajiliwa mna mlango. Muone afisa maendeleo ya jamii wa halmashauri atawaelekeza.

Mteja wa kwanza

Usitengeneze vipeperushi. Mteja wako wa kwanza tayari anakujua, ni mtu uliyewahi kumhudumia vizuri ukiwa na sare na hakukupa kitu. Wangu alikuwa mzee mmoja mwenye ghala la dagaa karibu na soko la Mwaloni Kirumba. Wanaojua Mwaloni wanajua, dagaa na samaki wakavu wanatoka pale mpaka Kongo, Burundi, Rwanda, magunia yanapakiwa usiku na mchana. Miaka ya nyuma aliibiwa, akaja kaunta ya kituo, nikampa RB, yaani namba ya taarifa yake ya polisi, na nikafuatilia kesi mpaka mwisho. Akanipigia, "mayu (yaani mama kwa Kisukuma), magunia yanapungua kila mwezi na mlinzi nimeshafukuza wa tatu sasa."

Nikaenda. Na hapa ndipo nataka nikae kidogo, maana kukagua ndio moyo wa kazi.

Usiende mara moja. Nenda mara tatu kwa saa tofauti, moja iwe alfajiri wakati mali inaingia, moja mchana watu wamechoka, moja usiku saa nane. Mara ya kwanza usiseme chochote, kaa, angalia. Fuata mali, sio watu. Gunia linashuka wapi, nani anahesabu, anaandika wapi, linalala wapi, nani ana funguo na nakala ya funguo iko kwa nani, linatoka kwa karatasi gani, nani anasaini, dereva anapewa nini mkononi. Chora ramani kwa mkono wako, weka milango yote hata ule ambao wanasema "huu hatuutumii", maana mlango usiotumika ndio unaotumiwa. Angalia taa inamulika wapi, mara nyingi inammulika mlinzi usoni na kumwachia mwizi giza. Angalia ukuta upande wa ziwani, watu wa Mwanza tunajenga ukuta mrefu barabarani halafu upande wa maji tunaacha wazi kama vile mtumbwi hauwezi kuja.

Halafu kaa na mlinzi. Mpe salamu ya heshima, ana wajukuu kama wewe. Usimhoji kama mtuhumiwa, muulize kazi ilivyo. Analipwa lini, mara ya mwisho alilipwa lini, akitaka kwenda haja anaenda wapi na nani anabaki lindoni, ana tochi, betri nani ananunua, ana salio kwenye simu, namba ya kituo cha polisi anayo au hana, akipiga nani anapokea. Nimekutana na walinzi wanaounganisha zamu mbili, mchana kwa bosi mmoja usiku kwa mwingine, kwa sababu mshahara mmoja hautoshi kodi ya chumba Mabatini. Huyo akilala saa tisa usiku usimwite mzembe, mwili umegoma. Ni tatizo la mwenye mali na unatakiwa umwambie mwenye mali.

Kwenye lile ghala nilikuta mlinzi hana kosa kabisa. Walikuwa wanahesabu magunia yakiingia, yakitoka wanahesabu magari. Gari moja, wanaandika gari moja. Kwa hiyo kama gari lilitakiwa kubeba magunia 80 likabeba 84 hakuna wa kujua, na aliyekuwa anapakia na dereva walikuwa wanajua hilo vizuri. Walinzi watatu walifukuzwa bure. Mmoja wao nilimfahamu, ana mke na watoto, nilirudi kwa yule mzee nikamwambia wazi kwamba hawa watu aliwaonea, na nashukuru alimtafuta mmoja akamrudisha. Kwangu hiyo ilikuwa na uzito kuliko malipo.

Na tafadhali usalama usiwe wizi tu kichwani mwako. Sisi watu wa ziwa tumezika sana. MV Bukoba, Mei 21, 1996. MV Nyerere, Septemba 20, 2018, pale karibu na Ukara, kivuko cha abiria 101 kilibeba zaidi ya mara mbili, watu zaidi ya 220 wakafa wakiwa wanaiona nchi kavu. Unapokwenda kukagua kambi ya tajiri wa mitumbwi kwa sababu ya injini zinazoibiwa, hesabu na maboya ya kuokolea, uliza wanatoka majini kwa taarifa ipi ya hali ya hewa, uliza nani ana ruhusa ya kusema "leo hatuendi" na bosi asimfukuze. Kama hakuna mwenye hiyo ruhusa liandike, hata kama hukuitwa kwa hilo. Na kule kwenye mialo kuna akina mama wachuuzi wanaolazimishwa kutoa miili yao ili wapate samaki. Wenye kambi wanajua na wananyamaza. Mimi siachi kuliandika, nilifanya kazi na madawati ya jinsia na watoto nimeona mwisho wake.

Ripoti

Ripoti yangu ya kwanza ilikuwa kurasa 41. Niliiandika kipolisi, "mnamo tarehe tajwa hapo juu majira ya saa nane usiku", viambatanisho, picha zenye namba, nikajisikia fahari sana. Mzee wa ghala hakuisoma. Akaniuliza tu, "sasa kesho asubuhi nifanye nini?" na jibu lilikuwa ukurasa wa 33. Tangu siku hiyo naandika kurasa mbili, basi. Ukurasa wa kwanza mambo matatu ya kufanya wiki hii yasiyo na gharama kubwa, mfano kuhesabu magunia yanapotoka na watu wawili wasaini. Wa pili mambo ya kufanya ndani ya miezi mitatu, kila jambo na gharama yake ya kukadiria na jina la cheo cha mtu atakayelifanya. Yale mengine yote weka nyuma, akitaka atafungua. Andika Kiswahili cha kawaida, yule msimamizi wa ghala ndiye atakayetekeleza, na ikiandikwa Kiingereza inabaki kwenye droo ya meneja.

Kama unapendekeza kamera, kumbuka kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika Mei 2023. Picha za wateja na wafanyakazi ni taarifa za watu, haziwekwi kwenye magrupu ya WhatsApp eti "mtambueni huyu". Waambie nani anaruhusiwa kuziangalia na zikae muda gani.

Kufundisha wasimamizi

Hii ndio sehemu naipenda kuliko zote. Viwandani na mahotelini wanampandisha mfanyakazi mzuri anakuwa msimamizi wa zamu bila kumfundisha chochote, na anachojua ni kufoka kwa sababu na yeye alifokewa. Sisi jeshini tulipitia shule ya polisi Moshi, wengine tukarudi chuo cha polisi Kurasini kwa kozi za uongozi, tunasahau kwamba kupanga watu kuna ufundi wake na raia wengi hawajawahi kuuona.

Nawafundisha kitu kidogo, mkutano wa dakika kumi kabla ya zamu, kama tulivyokuwa tunapanga askari kabla ya doria. Jana kilitokea nini, leo nini tofauti, nani mgonjwa, nani anamsaidia nani. Mara moja kwa wiki wanaleta daftari la matukio tunatundika ramani ukutani tunaweka alama, wapi, saa ngapi, siku gani. Wazo hili sio langu, polisi wa New York chini ya kamishna William Bratton walianza hivyo 1994, wakaliita CompStat, kila wiki makamanda wanasimama mbele ya ramani wanaulizwa maswali, na huyo Bratton baadaye naye akawa mshauri. Lakini nawaeleza na upande wa pili maana ni muhimu: ilifika mahali kule kukawa na malalamiko kwamba makamanda kwa kuogopa kusutwa walikuwa wanashusha makosa kwenye vitabu, kosa kubwa linaandikwa dogo. Na hapa ni hivyo hivyo, ukimkata mlinzi mshahara kila akiandika tukio, mwezi ujao daftari lote litasomeka "hali shwari". Daftari la mwezi mzima hali shwari mimi linanitia hofu kuliko lenye matukio ishirini. Kwa hiyo msimamizi lazima aahidi, na atimize, kwamba anayeandika ukweli haadhibiwi kwa kuandika.

Na kwa wale wanaofanya kazi na jamii, usidharau Sungusungu, ule ulinzi wa jadi wa wananchi wenyewe. Imezaliwa huku huku Usukumani na Unyamwezini mwanzoni mwa miaka ya 80, watu walichoka kuibiwa ng'ombe wakajipanga. Ina makosa yake, tumeyaona, watu wamepigwa na kuuawa bila kusikilizwa. Lakini ilichoelewa ni kwamba kila nyumba inatoa mtu. Nikienda kushauri mtaa au mwalo kuhusu ulinzi shirikishi nauliza kwanza wazee walikuwa wanafanyaje, halafu tunaondoa viboko tunabakiza zamu, filimbi na orodha ya majina, na sharti kwamba mtuhumiwa anafikishwa kituoni akiwa mzima.

Mteja atakayekuomba upige simu

Huyu atakuja, tena mapema, na mara nyingi ndiye mwenye pesa nzuri. Mimi alinijia mwezi wa nne tangu nianze kazi hii. Mfanyabiashara, alianza na mazungumzo ya kukagua maduka yake, nikaja kugundua anachotaka ni kingine. Kuna mtu alikuwa anamdai, akasema, "mama wewe unawajua wote pale, mpigie OCD amweke ndani siku mbili tu atalipa." Nikamwambia deni ni madai, linakwenda mahakamani kwa kesi ya madai, polisi hawakusanyi madeni. Akacheka, akaongeza dau. Mwaka ule nilikuwa na ada ya chuo ya mjukuu na nilikuwa na kazi moja tu mkononi, siwezi kudanganya kwamba sikuyumba. Nilirudi nyumbani sikulala. Asubuhi nikamwandikia meseji kwamba siifanyi na kazi ya maduka nimeiacha.

Afande mwenzangu, ukipiga hiyo simu mara moja tu, umeshakuwa dalali. Yule OCD kijana uliyemfundisha kazi mwenyewe umemweka pabaya, hawezi kukukatalia na hawezi kukubali. Na mjini habari hizi hazikai, kesho wanaokuja wote wanakuja kwa ajili ya simu zako, na siku wenzako wakihamishwa unabaki huna cha kuuza. Mimi nimejiwekea mpaka: mteja akipata tukio la kweli namwandalia taarifa vizuri, namwelekeza aende kaunta kama raia yeyote, akachukue RB, na mimi siendi naye. Siri ulizozibeba pia zibaki ulipozibeba. Majina ya watoa habari, mafaili, mbinu za operesheni, hivyo sio mali yako, na ipo Sheria ya Usalama wa Taifa ya 1970 ambayo haikusahau kwa sababu umestaafu. Hata kwenye mafunzo, ukitoa mfano wa kesi, badilisha mahali na hali mpaka hata mhusika mwenyewe asijitambue.

Pesa

Bei inatusumbua sana kwa sababu tumezoea mshahara, hatujawahi kujiuzia. Usiseme "utakachojaliwa". Hesabu siku zako: siku za kukagua, siku za kuandika, nauli, kulala kama ni kisiwani. Kazi ya ghala nilihesabu siku nne na nusu nikasema laki 8, moyo unanidunda, akakubali hapo hapo. Chukua nusu kabla hujaanza na uandike makubaliano hata ya ukurasa mmoja, utafanya nini, hutafanya nini, utamaliza lini, ripoti ni siri ya nani. Kampuni zitakukata kodi ya zuio 5%, yaani kodi wanayoikata kwenye malipo yako na kuipeleka TRA, kwenye laki 8 ni elfu 40, usigombane nao ila dai cheti cha zuio maana kitakusaidia TRA mwisho wa mwaka. Kwa makanisa, misikiti na shule za kata mimi nafanya bure mara mbili kwa mwaka, ni uamuzi wangu, ila hata hiyo ya bure naandikia makubaliano na ripoti ile ile ya kurasa mbili.

Na kwenye hayo makubaliano weka siku moja ya kurudi baada ya miezi mitatu, imeshalipiwa ndani ya bei, usiwaambie tarehe. Hii wengi wanaiacha na ndiyo imenipa wateja wote niliokuja kuwapata baadaye. Ghala la yule mzee nilirudi siku ya Jumanne saa kumi alfajiri, sikupita getini, nilishuka mwaloni nikatembea upande wa maji. Taa ilikuwa imegeuzwa, inamulika nje. Gari lilikuwa linapakiwa, watu wawili na daftari, kila gunia mstari mmoja, na yule mlinzi aliyerudishwa kazini akanisimamisha akanimulika tochi akaniuliza jina langu, natoka wapi na namtafuta nani, na hakuniruhusu kuingia mpaka bosi wake alipopokea simu.